Kiputo cha Babu

Kaka yangu ni mwalimu hapa Rumonge. Nilipomwonyesha kurasa za hadithi yangu ya picha alinirudishia bila kuzimaliza. "Msiba wa familia unaufanyia bede? Katuni ni za watoto." Nikawaka. Nikamuuliza, wewe unayefundisha historia, unajua babu aliishia wapi usiku ule familia ilipokimbia? Aliyejua ni mama peke yake, na tangu tukiwa ukimbizini Tanzania jibu lake lilikuwa moja: "Tulivuka." Basi. Mama anazeeka, na mimi nilitaka kujua kabla hajaondoka nalo. Ndiyo maana nilichora.

Asubuhi moja nikampelekea ufukweni, anaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Akafuta mikono kwenye kitenge, akatazama picha moja moja. Kwenye ile ya kuvuka ziwa akacheka, cheko la kunikera kabisa.

"Hii taa ya nini?"

Nilikuwa nimechora mitumbwi imefungwa pamoja, karabai zinawaka, kama ninavyoiona ikitoka kuvua pale Magara kila jioni. Mimi nimezaliwa kambini. Mtumbwi wa usiku usio na taa sijawahi kuuona.

"Mutoto wangu, sisi hatukwenda kuvua. Tulikuwa tunakimbia. Taa moja tu, tungekufa wote. Lete hiyo krayo."

Akachukua penseli, akapaka picha yangu weusi, akaacha vichwa tu. Mkono wake ulikuwa mzito na sikuthubutu kumzuia. Kisha akagusa pale nilipomchora babu, ufukweni.

"Baba yangu hakuwa huku. Alikuwa ndani ya maji, mpaka kifuani, anatusukuma. Mtumbwi ulikuwa umejaa. Nilisikia risasi, sikumsikia tena." Akagonga karatasi kwa kidole. "Na mbona hapa hasemi?"

Kiputo cha maneno mdomoni mwa babu nilikiacha kitupu.

"Sijui alisema nini, mama."

Akaketi kwenye mchanga. Alilia, nami nikalia, sioni haya kusema. Halafu akanitajia polepole neno la mwisho la babu, kwa Kirundi, niandike: "Muzogaruka." Mtarudi.

Jumapili akamwita kaka, akamwekea ukurasa mapajani. "Mwalimu, soma."

Kaka akalisoma lile neno, akalirudia, kisha akaniomba kurasa zingine. Nilifurahi, tena sana, na sikujificha.

Mama hakumngoja. Akanigeukia, kichwa juu, sijawahi kumwona hivyo. "Sasa unichore mimi, hapa hapa kwangu, mchana. Kiputo changu kiwe kikubwa kuliko cha baba. Andika: Twaragarutse."

Tumerudi. Kaka ndiye aliyenichongea penseli.