Gari Bovu Lililochaguliwa Kiongozi

Ilikuwa taa ndogo tu ya buluu, kama punje ya mtama. Inawaka ndani ya gari bovu lisilo na injini, lililoegeshwa gereji.

Mimi ni mfagizi kwenye gereji ya majaribio. Shule niliiacha darasa la tano, na kuongea mbele za watu kwangu ni adhabu. Wananiita Kimya.

Pale wanajaribu magari yanayozungumza kwa redio. Kaka yangu, dereva wa majaribio, ndiye aliyenieleza. Kila gari lina kiboksi. Ili yasipayuke yote kwa mpigo, yanaunda kundi na kuchagua kiongozi. La mbele likifunga breki, linamwambia kiongozi, naye anawaambia wengine wafunge. Kiongozi taa yake buluu, wengine kijani.

Siku hiyo magari matano yalikuwa yanazunguka nyuma ya gereji, yamefuatana pua kwa mkia. Kaka alikuwa kwenye la pili. Madereva wameambiwa wasiguse breki, viboksi vifunge vyenyewe.

Sasa hii buluu ndani ya gari bovu ni ya nini?

Fundi alisahau kuzima kiboksi chake. Kile kiboksi kilikuwa kinaita kwa nguvu kuliko vyote, basi kikachaguliwa. Na waya wake wa kupeleka habari za breki uko mezani, kwa hiyo hakiwezi kuwaambia wengine wafunge.

Nikamfuata mhandisi, yule mrefu tunayemwita Mlingoti. Macho yake yalikuwa kwenye skrini inayoonyesha taa za magari. Nikamwambia kwa sauti ya mbu kwamba kiongozi yumo humu. Akasema nisubiri, mzunguko huu la mbele linafunga breki ghafla.

Nikaonyesha skrini kwa ufagio.

“Bosi, hesabu magari. Hapo yapo sita. Yaliyotoka ni matano.”

Akahesabu kwa kidole. Uso ukampauka.

Nikakimbia, nikang'oa waya wa umeme wa kile kiboksi.

Kwenye skrini taa zote zikawa nyeupe. Kundi halina kiongozi.

“Umefanya nini wewe?” Mlingoti akanong'ona.

Nikajua nimemuua kaka.

Sekunde moja. Mbili. Taa moja ikageuka buluu, na huko nje matairi yakalia.

Nilipofika, kati ya gari la kaka na la mbele hata kiganja hakipiti. Akashuka anacheka, eti leo breki zimechelewa kuamka.

Walinipigia makofi. Wakasema funzo ni kumsikiliza hata mfagizi. Sawa.

Lakini wiki moja kabla, kwenye jaribio kama lile, dereva mwingine alivunjika mguu. Kaka alikuwa nyumbani siku hiyo.

Siku ile pia taa ya buluu niliiona ndani ya gari lile bovu. Nilijua maana yake.

Nikaona aibu kusema, nikaendelea kufagia.