Njia Isiyo na Watu

Mimi sikutaka kuimba. Niliseme hilo mapema, msije mkanionea huruma ya bure. Mama yangu kila mwaka alitembea kwa miguu kutoka kwetu, magharibi ya Kenya, mpaka Namugongo kule Uganda, kuwahi sikukuu ya mashahidi mwezi wa sita. Walikuwa kikundi cha akina mama wa parokia. Siku tisa njiani, rozari mkononi, nyimbo kuanzia alfajiri, usiku wanalala sakafuni kwenye madarasa ya shule. Kila mwaka alinipigia simu hapa Doha, ambako nafanya kazi ya unesi, akaniambia, "Njoo twende." Na kila mwaka nikamjibu, "Mwaka ujao, Mama." Nilimjibu hivyo miaka tisa, na mwaka jana, mwezi wa kumi, akafariki.

Maziko yake niliyaona kwenye simu, nimekaa chumba cha chai cha wodini, kwa sababu tulikuwa na upungufu wa watu na ruhusa haikupatikana kwa wakati. Jeneza lilipofika mdomoni mwa kaburi mtandao ukaganda. Nikabaki na picha ya mgongo wa mjomba wangu. Kisha mgonjwa mmoja akabonyeza kengele, nikaweka simu mfukoni nikaenda kumgeuza. Sikulia. Nilidhani machozi yatakuja kesho yake, hayakuja, na mpaka mwezi wa pili nilikuwa bado nayangoja.

Basi msimamizi wa wodi aliponiambia kwamba nimepata wiki mbili za likizo mwezi wa nne, nilisema pale pale: nitatembea. Ahadi ni deni, na aliyeahidiwa hayupo tena wa kunidai, kwa hiyo nijidai mwenyewe. Fomu ya likizo ilitakiwa ofisini Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, ikionyesha unakwenda wapi, ndipo wakate tiketi. Lakini Namugongo hapana. Nilitaka njia nyingine ya hija, ya mbali, wakati wa majira yao ya kuchipua, na niliitaka tupu. Njia ambayo mtu anaweza kutembea kutwa nzima asiulizwe swali.

Ninaishi Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tano, juu ya fundi wa mapazia na bakala, duka dogo la Mhindi wa Malabari anayetuuzia mkate na vocha. Chumba tunagawana wawili. Mwenzangu ni Mwislamu wa Mombasa, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja kule The Pearl. Kutwa anawatabasamia wageni, akirudi nyumbani tabasamu limekwisha na ulimi umebaki. Nampenda sana, na kuna siku natamani kumfungia nje.

Nilibandika karatasi tatu kwenye mlango wa friji. Zote zilikuwa njia za kwenda Santiago, huko Uhispania, mji ambao Wakristo wa Ulaya wameuendea kwa miguu tangu enzi. Ile njia yao maarufu sikuigusa hata, watu wanapangana foleni ya choo. Karatasi ya kwanza ilikuwa njia inayoanzia Ferrol, fupi, inafuata maji ya bahari. Ya pili ilianzia Ourense, inapita kwenye misitu ya mialoni na vijiji vya wazee na mbwa. Ya tatu ilikuwa ya milimani, ambako mwezi wa nne unaweza kukutana na theluji.

Ya milimani niliichana wiki ya kwanza. Doha haina mlima, jamani. Kilima changu kilikuwa ngazi za jengo letu. Nikishuka basi la wafanyakazi alfajiri, miguu imevimba, badala ya kupanda lifti napanda ngazi, nashuka, napanda tena, begi mgongoni lina chupa sita za maji. Siku za mapumziko nilikwenda mji mpya wa Lusail kutembea kwenye zile njia pana mpya ambazo bado hazijapata watu wa kuzijaza. Nilitembea mpaka jua liniambie basi. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna ambaye angenizuia.

Zikabaki mbili. Kila jioni nasoma simulizi za watu waliopita, nawauliza wageni mitandaoni swali lile lile: mlikutana na wangapi? Wa Ferrol walisema wachache. Wa Ourense mmoja alisema alitembea kutoka asubuhi mpaka saa tisa bila kuona binadamu ila bibi mmoja aliyekuwa anaanika shuka. Nikapiga makofi.

"Ndiyo hii!" nikamwambia mwenzangu. "Hakuna watu kabisa."

Alikuwa anakaanga samaki. Hakugeuka. "Hebu nikuulize. Watu husifia njia kwa maji, kwa kivuli, kwa chakula. Yako sifa yake ni moja tu, hakuna watu. Mimi nilipokwenda Umra nilikanyagwa mpaka ukucha wa kidole gumba ukang'oka, na katikati ya umati ule nililia nikaburudika. Wewe unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu."

"Haya. Mficha uchi hazai, mwenzangu."

"Angalia samaki wako, anaungua!"

Samaki hakuwa anaungua. Nilikwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi, kwa hasira, mpaka mikono ikakunjamana.

Maana alinipata. Kuna mwaka mmoja kati ya ile tisa ambao nilikuwa sijamwambia mtu habari zake. Mwaka huo likizo ya mwezi wa sita, ambayo kila mara huchukuliwa na wenye watoto wa shule, niliipata mimi. Nilikuwa nimeshamwambia Mama kwamba nimeomba, na furaha yake ilivuka simu. Wiki mbili kabla nikampigia nikamwambia imekataliwa. Haikukataliwa. Nilikuwa nimechoka, na nilipofikiria siku tisa za nyimbo na wanawake wanaoniuliza nitaolewa lini, roho ilinikataa. Nikaenda Georgia na manesi wenzangu watatu, nikavaa koti la manyoya la kuazima, nikapigwa picha mbele ya mlima. Picha niliziweka kwenye status, nikamficha Mama asizione. Mama naye akaenda zake Namugongo.

Nani kwenye kikundi kile hatajua kuhesabu? Mwenzao alikuwa na binti mmoja, na binti huyo hakutokea njiani, na kaburini pia hakutokea. Ndiyo maana nilitaka mialoni na mbwa wa Kihispania.

Jumatatu ya wiki ile ya fomu nilifunga mjadala. Ourense. Nikachukua daftari nikapanga siku zote, nitakapolala, nitakapokula, nitakapopumzisha mguu. Nilihesabu nianze Jumapili, nifike Ijumaa asubuhi, niingie misa kuu na jina la Mama moyoni, Jumamosi nirudi uwanja wa ndege. Mwenzangu aliipitia karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, akasema imekaa sawa. Nami niliona imekaa sawa.

Nikataka jambo moja zaidi: siku nitakayofika, na nyumbani pia wamtaje Mama kwenye misa. Kwa hiyo jioni hiyo hiyo nikampigia mwenyekiti wa kile kikundi, rafiki wa Mama wa miaka mingi, mwanamke wa karibu miaka sabini ambaye mimi namwita Mama vilevile. Tangu maziko sikuwa nimempigia. Nilisimama dirishani, nikiangalia watu wakitoka msikitini, nikamweleza habari ya Uhispania kwa haraka kabla hajaniuliza mengine.

"Kwa hiyo naomba Ijumaa hiyo, Mama, kwenye misa, mmsomee jina."

"Ijumaa?"

"Ndiyo. Misa kuu."

"Mwanangu, Ijumaa ni siku ya soko. Padri mwenyewe utamkuta kwenye ng'ombe. Misa kuu ya Ijumaa uliiona wapi?"

Nikalifungua daftari nikaiangalia hiyo Ijumaa. Hapa Doha mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi, nikiwa zamu ya mchana saa moja asubuhi nimeshavaa glavu. Kanisani tunakwenda Ijumaa, tunajazana mpaka nje, Wafilipino, Wahindi, sisi, na miaka tisa hiyo ndiyo imekuwa Jumapili yangu. Nilikuwa nimepanga hija nzima nifike siku ambayo si ya mtu, kisha nipande ndege Jumamosi, Jumapili yenyewe niikose. Na mshauri wangu alikuwa Mwislamu, ambaye kwake Ijumaa haikuwa na kasoro hata kidogo.

"Hata Jumapili nimeisahau," nikasema.

Yule mama hakucheka. "Na huko unakokwenda, una nani?"

"Sina mtu."

"Ndiyo maana nauliza."

Hapo nikachoka. Nilichoka kabisa, kama mtu aliyebeba ndoo mbali na sasa anaona heri imwagike. "Mama," nikamwambia, "ule mwaka niliosema likizo imekataliwa, haikukataliwa. Nilipewa. Nilikwenda kutembea na wenzangu."

"Tulijua."

"Mlijua nini? Nani alijua?"

"Sote. Kwenye mlima, na koti la manyoya. Mama yako ndiye aliyetuonyesha, ile picha ililetwa na mtoto wa dada yake. Tulipopumzika Iganga aliitoa, tulipofika Jinja akaitoa tena. Kila aliyemwambia pole kwa mtoto kukosa kuja, anamwonyesha simu. Alisema, mwoneni huyu, amepumzika. Miaka yote hii sijawahi kumwona mtoto wangu amepumzika."

Nililia. Nililia pale dirishani kwa sauti, bila haya, mpaka mwenzangu akatoka bafuni na povu la sabuni shingoni, akidhani kuna msiba mwingine. Ulikuwa ule ule. Alinishika mabega, povu lake likanihamia.

Simu ilikuwa bado wazi. Nilipoiweka tena sikioni, yule mama alikuwa anangoja tu, namsikia anapumua.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi utamalizia njiani. Njoo huku mwezi huo wa nne. Watu wote huenda wa sita. Wa nne ni mvua na matope, hutakutana na mtu. Malori tutayaachia lami, sisi tunazijua njia za ndani, za kwenye miwa. Ni mimi na wewe. Sitaimba kama hutaki."

"Mama, na magoti yako?"

"Magoti yangu umeyaona lini wewe? Na raba zako ninazo hapa. Nikutumie?"

"Raba zipi?"

"Zile alizokuwa anabeba."

Nikaketi kwenye kitanda. Akanieleza kwa utulivu, kama mambo ya kawaida. Mwaka wa kwanza nilipokwenda Doha, Mama alinunua raba nyeupe, namba tano, za kutembelea safari yetu. Kila mwaka alizifunga kamba kwenye mzigo wake, akaenda nazo Namugongo na kurudi nazo, asije akaambiwa nimekuja ghafla nikakosa viatu. Mwaka ule wa Georgia, nilipomwambia nimeomba likizo, alizifua mara mbili.

Kwetu hakuna anayerudi kazini Doha na begi lake peke yake. Binti wa jirani, nesi wa hospitali nyingine, alikuwa anarudi Jumatano, na kwenye mzigo wake kulikuwa tayari na unga wa wimbi wa watu watatu na omena, wale dagaa wa ziwani, wa watu wawili. Raba zikapenyezwa humo. Niliupokea mfuko wangu chini ya jengo, na nilipoufungua chumbani harufu ya omena ikatangulia.

Hazikuwa nyeupe tena. Kitambaa kilikuwa na rangi ya chai, vumbi la safari tisa, lakini soli zake zilikuwa mpya kabisa, mistari yote ipo. Nilikaa sakafuni nikaingiza mguu, ukagoma. Miaka ya kusimama zamu ndefu imenipanua miguu, sasa navaa namba saba. Nilisukuma, nikavuta, nikatukana.

"Nunua nyingine zinazofanana nazo," akasema mwenzangu. "Hizi ziweke."

"Ziwekwe? Amezibeba miaka tisa ziwekwe?"

Nilikwenda jikoni nikaleta kisu cha samaki. Tukiwa wadogo, viatu vya shule vikitubana, Mama hakununua vingine. Alikata mbele, vidole vikatoka nje kuona dunia, tukaenda shule tukisimangwa na tukarudi. Nilikata ya kulia, nikakata ya kushoto. Mwenzangu alifumba macho kama ninamchinja mtu. Miguu ikaingia.

Alhamisi niliijaza fomu saa mbili asubuhi, kabla sijabadili nguo za kazi. Mahali pa safari niliandika Kisumu, kwenye uwanja wa ndege ulio karibu na kwetu, na kwenye daftari langu, siku ya kufika Namugongo, niliandika Jumapili kwa herufi kubwa nikapiga mstari chini. Za Ourense na Ferrol nilizibandua kwenye friji, nikafungia omena waliobaki.

Jioni nilizivaa kwenda kujaribu. Nilikaa ngazi ya juu kabisa nikakaza kamba, vidole kumi vipo nje, kucha moja imepasuka. "Mwaka huu, Mama," nikasema kwa sauti, na fundi wa mapazia, aliyekuwa anapanda na mzigo wake, akasimama kunipisha. Nikashuka.