Wiki Mama Alipopanga Kuvuka Yordani

Juzi umeme ulipotea sokoni Busia, na fundi anayenishonea nguo akatoa pasi ya makaa chini ya meza, akapuliza jivu, akaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri. Pasi ilipogusa kitambaa chenye wanga, ikatoka ile harufu, kama uji unaoanza kushika chini ya sufuria. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni moshi. Haukuwa moshi. Tangu tumzike mama, vitu vidogo vidogo hunikuta sijajiandaa, na harufu ile ilikuwa ya mama kabisa, ya wiki moja katika miaka ya sabini ambayo sijawahi kuisimulia mpaka mwisho. Wacha nijaribu. Sikusoma sana, lakini wiki hiyo naikumbuka vizuri.

Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo katika stesheni ya reli ya Malaba. Msimu mmoja wa mvua alishikwa na tumbo, akapelekwa hospitali, akarudishwa kwetu Marachi ndani ya sanduku. Mimi nilikuwa darasa la pili. Kwenye mazishi nilikaa karibu sana na mhubiri, kwa hiyo hakuna neno lililonipita. Alisema ndugu yetu alikuwa amechoka na sasa amepumzika. Alisema amevuka Yordani. Na wakati anasema hivyo, mimi nilikuwa nikimtazama baba, amefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama. Siku hizo watoto hawakuelezwa mambo. Tulijiokotea wenyewe, neno hapa neno pale, tukaunganisha tulivyoweza.

Matanga yalipokwisha tukahamia Busia kwa shangazi Nabwire, dada yake baba, aliyekodi vyumba viwili nyuma ya duka la Mzee Salim. Shangazi aliuza maandazi asubuhi na kuuza maneno siku nzima. Mzee Salim alikuwa na kofia iliyofumwa kwa mkono, duka la nafaka, na pikapu ya Pijo iliyokuwa nyeupe zamani, ambayo aliiendesha mpaka Sio Port kufuata omena, dagaa wa ziwani. Gari hilo lilinuka samaki hata likioshwa kwa sabuni ya unga. Yeye mwenyewe alisema halina haja ya honi, watu wanalijua likiwa bado Matayos.

Mama hakuwa mgonjwa. Ningependa mnielewe hapo. Alifua, alipika, alinisuka nywele. Lakini alifanya yote kama mtu anayesikiliza kitu katika chumba cha pili. Alianza sentensi akaiacha. Alitia chumvi mara mbili, halafu siku nyingine hakutia kabisa, na shangazi akala akanyamaza, jambo ambalo kwa shangazi lilikuwa gumu. Jioni mama alikaa mlangoni akitazama malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda. Kwetu pale, Uganda tuliiita ng'ambo, na miaka ile si kila aliyevuka kwenda ng'ambo alirudi. Hilo pia nilikuwa nimeliokota.

Sasa, kulikuwa na mji mdogo ukingoni mwa mto Nzoia ambao watu wa kanisa la mama, kanisa la kanzu nyeupe, waliuita Yordani. Jina lake halisi sikulijua mpaka nikawa mtu mzima. Walikuwa wakienda huko Jumamosi, wanavushwa kwa mtumbwi, wanasali, wanakula, wanapumzika, wanarudi Jumapili jioni. Mjane akimaliza mwaka, alipelekwa huko kunawa uso kwa maji ya mto na kuvua kitambaa cha msiba. Haya yote kila mtu aliyajua, isipokuwa mimi.

Basi mwaka ulipopita, Jumatatu moja jioni, nikiwa nimejikunja nyuma ya pazia nikijifanya nimelala, nikamsikia mama anamwambia shangazi, kwa sauti iliyokuwa na uhai kidogo kuliko kawaida:

"Mulamwa, nimeamua. Jumamosi navuka Yordani."

Mulamwa ndivyo mawifi wanavyoitana kwetu. Shangazi akavuta pumzi, akasema ni vyema, umechelewa hata, utapumzika. Mama akasema ndiyo, amechoka, anataka kupumzika tu. Kisha akauliza kama mimi ninaweza kubaki na shangazi, kwa sababu kwenye gari hakuna nafasi. Shangazi akasema huyo ni wa kaka yangu, nitamlea kama wangu.

Niliuma blanketi nisitoe sauti.

Wiki hiyo nilimwona mama akijiandaa, na kila alichofanya kilinihakikishia. Jumanne alikwenda kuongea na Mzee Salim, aliyekuwa na safari ya kufuata karanga upande huo, na nilimfuata nikasimama nyuma ya magunia. Mzee Salim akamwambia atampeleka bila shida. "Lakini Mama Ajiambo," akasema, "hii gari ni ya omena, si ya huzuni. Hiyo huzuni iache hapa kwa mizani, nitakupimia ukirudi." Mama akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Mimi sikusikia "ukirudi." Nilisikia kwamba kumbe hata Mzee Salim anajua, na kumbe yeye ndiye anayewapeleka.

Jumatano mama aligawa. Alimrudishia jirani sufuria aliyokuwa ameiazima ili asije akaikosa, akamwonyesha shangazi mahali unga ulipo na jinsi ya kufunga kuku wetu mmoja mkorofi. Akaosha sare yangu ya shule akaishonea kifungo. Alikuwa akifanya kazi haraka, hata nikamsikia akivuma wimbo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilifikiri anafurahi kwa sababu anamfuata baba. Niliona wivu, kusema kweli, kisha hofu, kisha wivu tena. Nikaacha kula. Shangazi akasema nina minyoo, akanipa dawa chungu ya majani, nikainywa, kwa sababu ilinipa sababu ya kulia wazi.

Alhamisi nilimganda mama kama kupe. Alipoenda kisimani nilienda. Alipoenda chooni nilisimama nje. Usingizi nao niliukataa, nikishika ncha ya leso yake, mpaka ukanishinda.

Ijumaa alasiri ikaja ile harufu. Mama alikuwa amepika uji mwepesi wa muhogo, akautumia kama wanga, akatumbukiza humo kanzu nyeupe, akaianika. Sasa alikuwa ameitandaza mezani juu ya blanketi, na pasi ya makaa ilikuwa inapita juu yake polepole, na mikunjo ikisimama, ileile niliyoiona Marachi. Shangazi alikuwa kizingitini akichagua maharagwe na kumshauri mama achukue chapati kuliko viazi. Sikuelewa mtu anabeba chapati za nini huko. Labda za baba.

Nikasema, "Mama, na mimi nataka kupumzika."

Shangazi akainua kichwa. "Wewe umechoka na nini? Tangu asubuhi umefagia nini hapa?"

"Nataka kuvuka na mama. Nishonewe yangu nyeupe."

Mama akasimamisha pasi. "Kuvuka wapi, Ajiambo?"

"Kule baba alivuka."

Shangazi alianza kucheka, kile kicheko chake cha kumwaga maharagwe, kisha akamwona mama usoni, akakikata katikati. Mama hakucheka. Alikuwa amesahau pasi juu ya kanzu, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumba, na hakuna aliyesogea. Shangazi ndiye aliyeamka akainyanyua. Alama ya kahawia, umbo la pasi, ikabaki karibu na pindo. Shangazi akatoka nje, na hiyo ilikuwa mara ya pekee nilipomwona akitoka chumbani bila kusema neno.

Mama alichuchumaa mbele yangu. Mikono yake ilikuwa na joto la pasi.

"Sikiliza," akasema. "Yordani ni mahali. Kuna duka pale, wanauza chumvi na mafuta ya taa. Kuna mashine ya kusaga unga. Kuna choo."

Niliwaza juu ya hicho choo. Mbinguni sikuwahi kusikia kuna choo.

"Watu wanarudi?"

"Wanarudi Jumapili. Wengine wanarudi na samaki."

"Na baba?"

Akanishika mabega. "Baba hakwenda huko. Yule mhubiri alikuwa anaongea tu, alitumia jina la hapo. Baba amekufa, Ajiambo. Mimi naenda kunawa uso."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba baba amekufa, kwa neno hilo lenyewe. Mtadhani liliniumiza. Lilinitua. Nilikuwa nimebeba maneno ya watu wazima mwaka mzima, kupumzika, kuvuka, kututoka, kama mzigo ambao hujui umefungwa nini, na sasa ukafunguliwa nikaona. Nikalia mpaka kamasi ikamfika begani, naye akaniacha nilie. Kisha nikamwambia nina njaa. Nilikula maharagwe ya siku tatu kwa mara moja.

Usiku ule akamwambia shangazi kwamba nitakwenda, na shangazi naye akasema kama mtoto anakwenda yeye abaki kuchunga nini, yule kuku? Asubuhi Mzee Salim alipata habari yote kabla hajamaliza chai. Akaja akasimama mbele yangu na kofia yake, amekunja uso.

"Kwa hiyo mimi ndiye malaika wa kifo? Na hii Pijo?"

Nikaitazama Pijo.

"Malaika gani ananuka omena hivi, dada? Panda."

Tuliondoka jua likiwa bado dogo. Mama alikaa mbele na mwanamke mmoja wa kanisa, mimi na shangazi nyuma juu ya mkeka, tumenyoosha miguu, chapati zimefungwa kwenye kitambaa katikati yetu. Kila tulipofika kwenye daraja, hata kama ni la mfereji, Mzee Salim alipunguza mwendo akapaza sauti kupitia dirishani: "Ajiambo, hapa tunavuka, bado uko?" Nami nikapaza yangu kwamba niko. Baada ya Bumala tuliacha lami, tukanyweshwa vumbi jekundu, na shangazi akasema kama njia ya Yordani ni hii basi wenye dhambi wanaonewa bure.

Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Gari likabaki upande huu, Mzee Salim akaenda kwenye karanga zake. Ndani ya mtumbwi nilimshika mama kiunoni kwa mikono yote miwili na sikupumua vizuri mpaka miguu ilipokanyaga tope la upande wa pili. Kisha nikageuka, nikaiona Pijo kule tulikotoka, ndogo, mlango wazi. Ilikuwa bado ipo. Nikamwambia mama nataka kuona duka.

Lilikuwepo. Lilikuwa na chumvi. Mbele yake mbuzi wawili walikuwa wamelala, na mwanamke mmoja alikuwa akigombana na mwenye mashine ya unga kuhusu mahindi yake. Sijawahi kuona mji mzuri kama ule.

Mama aliingia mtoni na wanawake wengine, maji magotini, kanzu yake yenye alama ya pasi ikielea kidogo nyuma yake. Walimwimbia. Alinawa uso, akanawa tena, akakaa ameufunika kwa viganja kwa muda mrefu. Kisha akakivua kitambaa cheusi, na kichwa chake kilionekana kidogo, kama cha msichana. Baadaye tulikula. Alikula chapati mbili, akauliza kama kuna nyingine. Mchana akalala kwenye mkeka nje ya kibanda cha wageni, yeye ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana, na mimi nikakaa karibu kuchunga kifua chake kinavyopanda na kushuka. Baada ya muda akaanza kukoroma. Shangazi alisema aibu gani hii mahali patakatifu. Mimi nilisikiliza ule mkoromo kama wimbo, nikaenda kucheza.

Jumapili jioni tulikuwa Busia.

Nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, siku moja tukichambua mchele, nilimuuliza mama kwa nini siku ile hakucheka, wakati hata shangazi alicheka. Aliendelea kidogo kutoa mawe.

"Ningechekaje?" akasema. "Wiki ile hata mimi nilikuwa sijui naenda Yordani ipi."

Mikono yangu ikasimama kwenye ungo. Ndipo nikakumbuka nyuma ya Pijo, shangazi na mimi tumejinyoosha kama tuko kitandani, na nikamuuliza kuhusu nafasi. Alikuwa amesema hakuna nafasi.

"Ilikuwepo," akasema. "Mimi ndiye nilisema hakuna."

Akarudi kwenye mchele wake. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwamba alipochuchumaa mbele yangu akinitajia vitu vya mji ule, duka na choo na mashine ya unga na Jumapili ya kurudi, hakuwa akinitajia mimi peke yangu. Aliishi akawaona wajukuu wangu. Alikufa mwaka jana, na ndivyo nilivyowaambia watoto, kwa neno hilo lenyewe. Nalia, ndiyo. Lakini nikilala, nalala.