Viatu vya Mtu Asiye wa Kwetu

Jina lake halisi lilitumika vikaoni tu. Kwingine kote waliomjua walimwita Mzee Soli, kwa sababu hakuwahi kumtazama mtu usoni kabla ya kumkagua miguuni. Mkewe alikuwa akitania kwamba siku walipokutana mara ya kwanza alimwangalia viatu, akatikisa kichwa, ndipo akakumbuka kusalimia.

Alikuwa fundi viatu na mzee wa kanisa. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa na chumba nyuma ya kanisa, na kila Jumanne wagonjwa wa sukari waliokufa ganzi miguu walivuka ua kutoka zahanati wakaja kupimwa. Mguu usiosikia maumivu ni wa hatari: kokoto likiingia kiatuni, mwenyewe hana habari mpaka aone damu. Soli aliwashonea viatu vipana, vyenye soli laini, visivyo na mshono wowote upande wa ndani. Aliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Ubaya ni kwamba aliiona ni yake peke yake.

Kisha akatokea bwana mmoja mrefu, aliyekuwa fundi wa magari, akaanza kuja zahanati na gunia la viatu alivyokata kwenye matairi na kuvitandika sponji ndani. Watu wakamwita Tairi. Hakuwa mshirika wa kanisa lile. Yeye na wenzake kama kumi walisali katika chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Alikuwa akipiga magoti sakafuni, anamvisha mgonjwa kiatu, anasema kwa sauti ya chini, "Kwa jina la Yesu, utembee salama," kisha anahamia kwa mwingine.

Soli akapata habari. Akauliza nani kamtuma, kabatizwa wapi, mchungaji wake ni nani. Kwenye kikao cha wazee alizungumza nusu saa nzima, na mwisho akaandika kwa mkono wake daftarini kwamba hakuna atakayewahudumia wagonjwa kwa jina la Bwana katika majengo ya kanisa, ila mshirika aliyeandikishwa. Zahanati ilikuwa jengo la kanisa. Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama viatu vyenyewe vilikuwa na kasoro. Soli akajibu kwamba suala si viatu.

Alimpa Tairi habari hiyo mwenyewe, mlangoni, akiwa amejiandaa kwa mabishano. Tairi alisema tu, "Sawa, mzee wangu," akatupa gunia begani, akaenda zake. Soli akawapitia waliovaa viatu vya matairi, mmoja mmoja, akawaambia wavivue wasubiri vyake.

Miaka miwili baadaye macho yake yakaanza kuingia giza. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Soli alimwambia mkewe peke yake. Akaendelea kushona kwa kupapasa, akijidanganya kwamba vidole vinajua njia.

Aliyeumia ni mama mmoja muuza mboga, mgonjwa wake wa siku nyingi. Fundo la uzi lilibaki ndani ya kiatu, likamla kisigino siku tisa bila yeye kusikia kitu. Muuguzi alipokuja kukivua, mfupa ulikuwa unaonekana. Wakamkata mguu chini ya goti.

Soli alikwenda kumwona, mkewe kamshika mkono, akitarajia lawama. Yule mama hakumlaumu. Alimuuliza hali ya macho. Kisha, kama anayesimulia habari za mtu mwingine, akasema vile viatu vya Tairi bado viko chini ya kitanda chake nyumbani, vizima kabisa.

"Vilinikaa vizuri, kaka," alisema. "Lakini ulisema si vya watu wa kwetu. Nikavivua."

Wiki hiyo hiyo Soli alimwomba mkewe ampeleke gereji. Tairi akamfutia kiti. Soli alisema yote, hakujitetea hata kidogo. "Nilikuonea wivu, mwanangu, nikauita imani." Tairi akavuta ndoo akaketi mbele yake. Akakiri kwamba iliwahi kumuuma, hasa kwa wale ambao tayari alikuwa amewapima miguu. Kisha akauliza aanze Jumanne ipi.

Kikaoni Soli alisimama akaomba uamuzi ule ufutwe. Katibu, ambaye Soli mwenyewe ndiye aliyemfundisha mafundisho ya ubatizo, alifungua daftari akausoma, taratibu, kwa heshima zote.

"Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha hivi," alisema. "Tukimruhusu huyu, kesho atakuja nani?"

Hata swali hilo lilikuwa la Soli, alilouliza siku ya uamuzi ule. Ni mkono mmoja tu ulionyooshwa pamoja na wake. Mwezi uliofuata walimstaafisha kwa sababu ya macho, wakampa cheti ambacho hakuweza kukisoma.

Akamkabidhi Tairi kalibu zake zote, ile miguu ya mbao ya kushonea viatu. Jumanne akawa anakaa gereji, anapapasa mguu wa mgonjwa na kueleza pa kuongeza nafasi, na Tairi anakata. Lakini gereji ilikuwa mbali kwa mtu mwenye miguu ya namna hiyo, na walioweza kufika waliogopa kuonekana. Walikuja watatu, kisha mmoja. Halafu mwenye gereji akauza kiwanja, kikundi chao cha sala kikatawanyika, na Tairi akaenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mwendo wa siku mbili. Alitaka kumrudishia kalibu, Soli akakataa.

Siku hizi muuguzi huwafunga wagonjwa miguu kwa bandeji na kuwaambia watafute viatu vipana, kama watavipata. Kile chumba nyuma ya kanisa kimewekwa viti vya kwaya. Jumapili, wakati wa maombi, Soli husimama na kumwombea Tairi na wenzake, akisema ni watumishi wa Bwana. Mwanzoni wachache waliitikia amina. Sasa kinanda huanza kabla hajamaliza, mkewe humvuta shati, naye hukaa.