Koti Lililolowa Bega Moja

Koti zito la sufu likilowa na kuanikwa karibu na moto hutoa harufu ambayo sijui niielezeje: nusu kondoo, nusu moshi. Wengine huziba pua. Mimi humkumbuka babu yangu, na huona haya kidogo, kwa sababu nilimkosea na hakuwahi kujua. Sogeeni niwasimulie, maana jambo lenyewe nimekaa nalo muda mrefu.

Tulikuwa tukiishi Lufingo, huko Rungwe, jirani na chuo kimoja cha kanisa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alasiri, chuo kilifungua milango ya kanisa lake kwa tamasha, na kila mtu alikaribishwa. Wanachuo waliimba kwaya, wakapiga magitaa, wakacheza ngoma za kwetu, na wakafanya igizo ambalo mlevi alianguka kila mara palepale, nasi tukacheka kila mara. Watu waliteremka kutoka kwenye chai na migomba, wengine bado wana matope miguuni. Kwetu mvua haibishi hodi, kwa hiyo wengi walikuja na mwavuli, na babu alikuja na koti lake. Benchi la mbele lilikuwa lake, na mimi nilikaa ubavuni pake nikijiona mtu mkubwa.

Mama alikuwa mpishi wa chuo hicho, na matamasha yale aliyasikilizia jikoni. Msidhani kuna aliyemkataza. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana humwepuka baba mkwe wake: hamtazami, hamtaji jina, na akisikia anakuja njiani huingia migombani mpaka apite. Wengi wamekwisha kuiacha desturi hiyo, lakini mama na babu waliishika, na wala si kwa ugomvi. “Heshima si utumwa,” mama alikuwa akisema.

Kazi ya kupeleka maneno ilikuwa yangu. “Bupe, mwambie babu chakula tayari,” mama angesema akiwa jikoni, na babu yuko hatua tano tu, amekwisha nawa mikono. “Mwambie mama yako chumvi imekolea,” babu naye angejibu. Nami nilirudia neno kwa neno, kwa sauti ya mheshimiwa balozi.

Sasa mama alikuwa na sauti. Mwalimu Lugano, aliyefundisha muziki pale chuoni, alimsikia akiimba huku anakoroga makande, akamwomba aimbe peke yake katika tamasha.

“Mwalimu, nitaimbaje na mkwe wangu amekaa benchi la mbele?” mama akasema.

“Basi tumwombe mzee siku hiyo apumzike nyumbani.”

Mama alishtuka kabisa. “Nimfukuze mzee kwenye furaha yake? Afadhali ninyamaze.”

Akaendelea kufuta mwiko uliokwisha kufutwa. Nilimjua mama yangu. Alitamani kuimba mpaka alikuwa hali vizuri. Iliniuma sana. Jioni hiyo, bila kutumwa na mtu, nilimwambia babu kila kitu. Alitazama moto, akasema, “Nimesikia,” basi.

Jumamosi ilipofika, babu alikaa benchi lake la mbele kama kawaida. Moyo ukanishuka. Kwaya ikaimba, mlevi akaanguka, kisha Mwalimu Lugano, ambaye hakuwa amekata tamaa, akalitaja jina la mama. Hapo babu akasimama, akaegemea fimbo yake, akapita katikati ya watu wote, akatoka nje. Watu walinong'ona. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Niliona amemsusa mama yangu mbele ya kanisa zima.

Fimbo ya mzee ilipokwisha kusikika nje, mama akaingia kwa mlango wa pembeni, kanga kichwani. Nje mtu alikohoa. Mama akamwinamia mwalimu, akamwomba afungue dirisha la upande ule, ingawa manyunyu yalikwisha kuanza na sisi wa mbele tulikuwa tunatetemeka kwa baridi. Kisha akaimba. Sitajaribu kuwaeleza alivyoimba. Niseme tu kwamba hata watoto wachanga walinyamaza, na alipomaliza, vigelegele vilizidi mvua.

Nyumbani nilimkuta babu karibu na moto, koti limetundikwa, bega la kushoto linachuruzika maji, la kulia kavu. Chakula kilikuwa bado kuiva. Aliniita akasema taratibu, “Mwambie mama yako, ndaga fijo.” Ahsante sana.

“Ndiyo, babu,” nikajibu. Moyoni nikasema, kamwambie mwenyewe. Nikaenda kulala na maneno yake. Huo ndio ujumbe pekee ambao sikuufikisha. Tangu siku hiyo mama aliimba mara nyingi, na kila mara babu alitoka. Alipofariki nilikuwa bado nina kinyongo.

Mwezi uliopita nilirudi Rungwe, nikaenda kwenye tamasha. Bado yapo, Mungu akibariki chuo kile, na mlevi bado anaanguka palepale. Kanisa lilikuwa limejaa, nikasimama nje, chini ya dirisha la pembeni. Sauti ilinifikia safi kuliko nilivyowahi kuisikia ndani. Mvua ikaanza. Nikajibanza ukutani chini ya ukingo mwembamba wa paa, na baada ya wimbo mmoja bega langu la kushoto lilikuwa limelowa chapachapa. La kulia lilikuwa kavu.

Nililia palepale, na waliokuwa karibu nadhani walifikiri nimeguswa na wimbo. Watu wawili ambao hawakuwahi kusemezana walikuwa wamepata pa kukutana, na mimi mjumbe wao ndiye pekee niliyekuwa sijui.

Mama nilimkuta uani akimenya maharage. Nikapiga magoti mbele yake.

“Mama, babu alinituma kwako. Alisema ndaga fijo.”

“Lini?”

“Siku ile ya kwanza ulipoimba.”

“Wewe mtoto, umekalia mzigo wa watu miaka yote hii! Bahati yako mjumbe hauawi.”

Alicheka. Kisha akaacha maharage, akavuta kanga akajifunika kichwa, akageuza uso pembeni, kama alivyofanya siku zote alipomsikia babu akikohoa njiani.