Nyaya Kifuani mwa Mzee Soli

Mzee Soli hakuwahi kumkabidhi mteja kiatu kabla ya kutia mkono ndani na kupapasa hadi kwenye vidole, asije akaacha ncha ya msumari. Hata viatu vya binti yake, vipya kutoka dukani, alivipekua vivyo hivyo. "Waliovishona siwajui," alisema.

Asubuhi moja nyundo ilimponyoka. Alipotaka kuiokota, mkono wa kulia haukumtii, na mdomo ukaenda upande. Majirani wakamkimbiza hospitali.

Kesho yake ulimi ulikuwa mzito, lakini kejeli zilikuwa palepale. Kilichomkera ni nyaya za mashine ya kupima moyo walizombandika kifuani.

"Mama," alimwambia binti yake aliyekaa kando ya kitanda, "mgonjwa ni mkono. Moyo una miaka sabini na moja haujanikorofisha. Nipeleke nyumbani."

Binti alimfuata daktari ukumbini. Daktari hakumficha. Ubongo ndio unaouambia moyo, kupitia mishipa ya fahamu, lini uende mbio na lini upoe. Kiharusi kimejeruhi mahali amri hizo zinapotoka. Moyo wenyewe hauna kasoro, ila sasa unaamrishwa ovyo. Unaweza kukimbia, kuruka mapigo, hata kusimama. Siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi.

"Hapa mashine ikilia, tunawahi. Nyumbani nani atajua?"

Binti akarudi kitandani kumwambia baba yake neno ambalo hakuwahi kumwambia: hapana.

"Siku chache tu, baba."

"Yaani nimekusomesha uje kunikatalia?"

"Ndiyo," alijibu, akijilazimisha kucheka. Mzee akageukia ukuta.

Siku hiyo ya pili mashine ililia mara mbili. Wauguzi walikuja mbio, mapigo yakatulia. Ilipolia, binti alijiona ana haki. Iliponyamaza, na mzee akaanza tena kuulizia kitanda chake na dirisha lake, alijiona mwizi.

Siku ya tatu, saa saba mchana, ililia binti akiwa kantini. Wauguzi waliwahi, kama daktari alivyoahidi. Haikusaidia kitu.

Watu humwambia alifanya lililopaswa, naye huitikia. Hajui kama mzee alikuwa amemsamehe. Anachojua ni kwamba mchana ule, kabla hajaenda kantini, alipofika mlangoni akiyumba kwa njaa, baba yake alimwita kwa ulimi ule mzito:

"Nenda kale, bwana jela. Mimi nitakimbilia wapi?"