Injini ndani ya pipa

Jirani akichanganya petroli na oili, harufu ile hunirudisha uani kwetu, Nyamirambo. Baba alikuwa ameifunga injini ya boti kwenye ukingo wa pipa la maji ya kufulia ili aijaribu. Safari iliyopita ilimzimikia katikati ya ziwa kila alipopunguza mwendo. Mama alikuwa ameukalia mfuko wa safari wa Baba, chai ya maziwa mkononi.

“Baba watoto, chai hii ikipoa na injini bado iko inanguruma, utaenda.”

Baba aliiwasha, akakaza kebo ya mafuta, akageuza skrubu kidogo kidogo. Injini ikakohoa, kisha ikatulia, ikinguruma taratibu. Mama hakuipuliza chai. Ilipoota utando aliinywa yote, akashusha pumzi, akainuka, akampa mfuko.